Mke Wangu Anataka Pampas, Mimi Nafua Nepi

Mama Monicah mpendwa, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijavunjika kwa sababu ya nepi.

Mimi ni mchimba dhahabu hapa Nyatike, nyumbani ni Kendu Bay lakini tangu mwaka jana sijakanyaga huko, shule niliacha darasa la saba kwa hivyo unisamehe mwandiko, mke wangu Caren alinifuata huku na mtoto wetu Valary ana miezi mitano, na ugomvi wetu ni kwamba yeye anataka pampas, zile nepi za kuvaa mara moja na kutupa, na mimi nimekataa, si kwa ubahili, ni kwa sababu naona majirani wanavyozitupa kwenye mashimo ya zamani, mvua ikinyesha zinaelea mpaka kijito tunachoteka maji, mbwa wanaziburuta hadi mlangoni, na kuzichoma watu hawataki, wanasema ukiichoma, mtoto aliyeivaa ataungua makalio. Nikaamua kwetu ni vitambaa, kama mama yangu alivyotulea sisi saba.

Caren akasema, "Sawa, Baba Valary, vitambaa ni vyako, basi ufue wewe." Nimefua miezi mitatu bila kuruka siku, nikitoka shimoni mgongo umekufa naketi chini na karai langu la kazi, lile la kushikishia dhahabu kwa zebaki, nalisuuza vizuri kwanza, natia sabuni, nafua zote, na wenzangu wakipita wanacheka, Otieno anapiga kelele, "Maxwell, hiyo ya leo ni ya njano kabisa, ipeleke kwa mnunuzi wa dhahabu!" Mimi sijali. Lakini wiki hii Valary ametoka vipele mapajani, Caren anasema ni vitambaa vyangu, amefunga mzigo, nisipoleta pampas Ijumaa anarudi kwa mama yake. Sitaki kushindwa, na sitaki waende. Nani yuko sawa kati yetu?

Maxwell, Nyatike

Mama Monicah anajibu: Maxwell, mwanaume anayetoka shimoni akafua nepi miezi mitatu huku akichekwa, mimi simcheki. Na kuhusu mashimo na kijito umesema kweli. Lakini nilipofika kwenye karai nilirudi kusoma mara ya pili, nikitumaini nimesoma vibaya. Zebaki, baba! Hiyo ni sumu, na haitoki kwa kusuuza. Mmegombana miezi mitatu juu ya kitambaa na pampas, na hakuna hata mmoja wenu aliyelitazama karai.

Usingoje Ijumaa. Leo hii mpeleke Valary hospitalini, na Caren aonwe pia maana ananyonyesha. Vipele vinaweza kuwa vya unyevu tu; mimi sijui, na wewe hujui. Mwambie daktari neno lenyewe, zebaki. Usilifiche kwa aibu, kwa sababu usipolisema wewe hatalijua. Nepi zote zilizopita kwenye karai hilo zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uziweke mbali na nyumba, umuulize afisa wa afya pa kuzipeleka. Usizichome. Hadithi ya makalio iache, lakini moshi wa zebaki unaingia kifuani. Karai libaki mgodini, nguo zako za kazi pia, na usimbebe mtoto kabla hujaoga.

Kisha nunua pampas. Ndiyo, umesikia, wewe usiyetaka kushindwa. Za kutumia mpaka mtoto apone, na afisa huyo huyo awaonyeshe pa kutupa. Baadaye rudini kwenye vitambaa, vipya kabisa, na beseni jipya ambalo Caren atalichagua mwenyewe na ambalo halitawahi kuona mgodi. Kwa vitambaa ulikuwa sawa. Kwa karai ulikosea, na utamwambia Caren hivyo kwa mdomo wako, kabla hujamwomba afungue mzigo.

Na Otieno akipita tena na kelele zake, mzuie. Msomee jibu hili lote. Halafu umuulize karai lake yeye, akilifikisha nyumbani, mkewe hulitumia kwa kazi gani.