Ile Picha ya Mikono Yangu

Ibra, Alkhamisi, Januari 2008

Baridi ya leo si ya mchezo. Nimetoka alfajiri kwenda bandani na koti la mume wangu juu ya gauni, na bado meno yalikuwa yanagongana. Watu wakisikia Oman hufikiri joto tu. Waje Ibra mwezi huu.

Sina raha. Nasema mapema ili anayetafuta vichekesho vyangu vya kawaida aende zake, arudi siku nyingine.

Blogi hii alinifungulia Rayya, binti yangu, kabla hajaenda kusoma Uingereza. "Mama, wewe maneno yako mengi, andika huku," aliniambia, akanionyesha pa kubonyeza. Tangu hapo naandika habari za benki ninakofanya kazi, za mbuzi wangu, za Baba Rayya anavyokoroma. Rayya mwenyewe hasomi. Kiswahili chake ni cha kusikia jikoni, kukisoma kunamchosha. Ndiyo maana leo naweza kuyamwaga hapa.

Kwa asiyenijua, mbuzi wangu si biashara. Dada zangu wa Maskati wakipata mshahara wananunua dhahabu, mimi nanunua majani. Siwauzi kwa nyama, na maziwa yao ni ya chai yetu. Nawafuga kwa mapenzi tu, kwa ajili ya masikio marefu, rangi, na ile namna ya kutembea kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Nikimpandisha jike hukaa miezi nikiwaza atatoka mtoto wa namna gani. Baba Rayya husema nilipokuwa na mimba ya Rayya sikuwaza hivyo.

Wagonjwa wenzangu wa ugonjwa huu nawapata kwenye jukwaa moja la Kiarabu mtandaoni, wafugaji wa Oman, Emirates na Saudia. Jina langu pale ni Mchunga wa Ibra, na kwa kuwa sijawahi kusema mimi nani, wote huniita akhi, ndugu yao wa kiume. Nimewaacha. Mwanamke akiuliza habari za beberu ataulizwa kwanza mumewe yuko wapi. Akhi hujibiwa hapo hapo.

Kwa muda sasa gumzo la pale ni watu wa haki za wanyama wa Ulaya. Mmoja analeta habari kwamba wanataka watu wakatazwe kuzalisha mbwa kwa ajili ya sura tu. Mwengine anajibu kwamba wakimaliza mbwa watakuja kwa mbuzi. Wa tatu anaapa watafika mpaka kwa ngamia. Mimi nilikuwa nacheka nusu na kuogopa nusu. Nilichokuwa naogopa ni mtu ambaye hajawahi kuamka alfajiri kwa ajili ya mbuzi mwenye uchungu, aje kuniambia mimi kwamba simpendi mbuzi wangu.

Sikujua kama mtu huyo nimemzaa mwenyewe.

Leo asubuhi, baada ya kuwalisha, nilikaa na chai yangu nikafungua jukwaa. Juu kabisa kulikuwa na picha aliyoileta mmoja wao. Uso wa mtu haumo. Imeonyesha mikono ya mwanamke imemshika mwanambuzi aliye hai, inamfunga mgongoni ngozi ya mwanambuzi mwengine kwa kamba. Ngozi mbichi, damu kidogo vidoleni. Na mikono ina hina, maua madogo madogo yanayopanda mpaka kwenye vifundo.

Hina ile alinichora Rayya, mkesha wa Idi. Ua la kidole gumba alilikosea, akajaribu kulifuta, likabaki na mkia. Mkia ule upo kwenye picha.

Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza, yametoka kwenye ukurasa wa wanafunzi wa chuo cha Rayya wanaotetea haki za wanyama. Jina la mtu hakuna. Yanasema: mwanambuzi amevishwa ngozi ya maiti ili mama mtu adanganyike, hivi ndivyo wanavyofanya wale wanaosema wanafuga kwa mapenzi.

Kwa mapenzi. Neno langu hilo. Nimemwambia mimi, tangu yuko shule ya msingi na kanzu yake ya shule imejaa manyoya.

Chai ilipoa mkononi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana kule hakuna aliyeuliza.

Rayya alikuja kwa Idi Kubwa. Nilifurahi mpaka nikawa kero. Siku ya shuwa, ile nyama ya kuoka ardhini, hakula. Baba yake akamsogezea sahani ya wali mweupe, nikaona uso wake umeshuka, kwa sababu shuwa ile aliifukia shimoni mwenyewe, akikumbuka mtoto anavyoipenda. Mbuzi wa Idi si wangu. Wangu siwezi kumchinja, mkono haunyanyuki, kwa hivyo Baba Rayya huenda kununua soko la Nizwa, pale wanapozungushwa na wenye kunadi. Rayya akanitazama, akasema, "Hawa ya Nizwa hawana mama?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Siku chache baadaye mbuzi wangu Shokishoki alizaa, akafa, akaacha mtoto mzima. Asubuhi hiyo hiyo Kanga, yule mwenye madoadoa, akazaa mtoto mfu. Kanga alimlamba yule mfu hachoki, akimwita kwa ile sauti ya chini ambayo jike humtolea mwanawe tu. Kiwele kimejaa dang'a, yale maziwa ya mwanzo, mpaka kinang'aa. Pembeni yatima wa Shokishoki anatetemeka. Nikampeleka kwa Kanga. Akamnusa, akampiga kichwa. Nikampeleka tena, akampiga tena, mtoto akaanguka.

Basi nikafanya alivyonifundisha marehemu mama mkwe wangu, Allah amrehemu, naye alifundishwa na mama yake. Nikamchuna yule mfu, nikamvisha yatima ngozi ile, nikaifunga kwa kamba chini ya tumbo. Nikamrudisha. Kanga akamnusa mkiani. Akanusa tena, muda mrefu kidogo. Kisha akaanza kumwita kwa ile sauti ya chini, mtoto akaingia kunyonya, mkia unachezacheza.

Nililia. Sioni haya kusema. Rayya alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na simu yake mkononi, machozi yanamtoka, nikadhani tunalia kitu kimoja.

Nikaenda kuoga na kubadilisha nguo, sala ilikuwa inanipita. Niliporudi alikuwa chumbani kwake.

Ngozi ile haikai siku nyingi. Huanza kunuka, unaikata kidogo kidogo, na huku mtoto anakunywa maziwa ya mama mpya mpaka harufu yake inakuwa ya mama yule. Nilipotoa kipande cha mwisho Rayya alikuwa ameshapanda ndege. Kanga alimnusa mtoto akiwa na manyoya yake mwenyewe tu, akageukia majani yake, mtoto akafuata kiwele. Hakupigwa. Sijui kupiga picha kwa simu, na hakuwepo wa kunipigia.

Jukwaani walikuwa wamewaka moto. Mmoja alisema wafugaji tuache kabisa kuweka picha za mabanda yetu, maadui wanazikusanya. Mwengine akasema utafika wakati mbuzi akizaa nyumbani kwako utaulizwa nani alikupa ruhusa. Yalikuwemo ya upuuzi na yalikuwemo ya haki. Kuna mzee mmoja wa mji wa Adam, beberu wangu tulimnunua kwake, Baba Rayya ndiye aliyezungumza naye. Ni mtu mpole. Beberu alipovimba tumbo mwaka jana, mzee huyu alikaa nami jukwaani mpaka akanusurika, hajui kama anazungumza na mwanamke aliyevaa aproni. Leo yeye ndiye aliyeandika: "Picha hii imepigwa na mtu wa ndani ya nyumba. Aliyeipiga hana mama aliyemlea."

Wakamuunga mkono mmoja baada ya mwengine. Hana mama. Wallahi hana mama. Halafu mmoja akanitaja kwa jina: "Na wewe akhi, Mchunga wa Ibra, mbona kimya leo?"

Nikaizima kompyuta. 

Rayya hupiga simu kila Alkhamisi baada ya alasiri. Nilitamani asipige. Akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi vipi huko?"

"Sana. Mbona sauti yako hivyo?"

Nilikuwa nimejiapiza nisiseme. Nikasema. "Nimeiona ile picha. Ya hina."

 Nikasikia gari linapita kule aliko.

"Mama, wallah sikuweka jina yako. Hapana mtu anajua."

"Mimi najua."

"Siyo wewe, mama. Ni ile kitu yenyewe. Ile mtoto yake alikufa, sawa? Angelia. Haki yake kulia. Wewe umemfanyia ujanja asilie."

"Na yatima je?"

"Chupa. Kama mimi nilivokuwa nawapa."

Kweli, alikuwa akiwapa. Alikuwa anakaa kwenye ngazi na chupa mbili, mwanambuzi huku na huku, anawagombeza wasikanyagane.  Naye akaendelea, na sauti yake ilikuwa inakatika, hakuwa anafanya jeuri. Hilo ndilo lililonimaliza. Jeuri ningeijibu.

"Shokishoki alikuwa ndogo, mama. Wewe ulimpa ile beberu kubwa ya Adam kwa sababu ulitaka masikio. Mimi nilikuona unachora kwenye karatasi vile mtoto atakuwa. Halafu akafa. Acha kuzalisha, mama, please. Hawa ulonao kaa nao mpaka wafe wenyewe. Lakini hapana watoto tena."

"Na nisipoacha?"

"Basi likizo ya joto sitakuja. Siwezi kukaa hapo na kuona tena. Siwezi, mama."

Nikamwambia avae vizuri, asitoke kichwa wazi. Simu ikaisha.

Majibu yangu siku zote huja simu ikishakatwa. Ningemwambia kwamba Kanga alilia, alilia tangu alfajiri, mimi nilikuwepo na yeye alikuwa bado amelala. Ningemwambia mwanambuzi wa chupa hukua hajui mama, anamfuata mtu mpaka mlango wa jikoni na mbuzi wenzake wanamsukuma, na yeye Rayya alikuwa akilia kwa ajili ya hilo akiwa mdogo. Ningemwambia angengoja kidogo, aone ngozi inavyotoka. Hayo nilikuwa nayo.

La Shokishoki sina jibu. Nimelitafuta tangu alasiri. Nilimpandisha kwa beberu yule kwa sababu nilitaka kuona masikio, hilo ni kweli kabisa. Huenda angekufa kwa beberu yeyote, majike hufa. Huenda hangekufa. Wale wa jukwaani wanasema kwamba watu wa haki za wanyama ni waongo wasiojua kitu. Mimi aliyeniambia anawajua mbuzi wangu kwa majina.

Kabla ya magharibi nilikwenda bandani. Kanga amelala, mwanawe amejibanza kwake kwa baridi. Nilikaa kwenye debe nikawatazama. Nikajiuliza kama naweza kuacha. Banda hili bila vitoto, mbuzi wanazeeka mmoja mmoja mpaka nabaki na debe. Kisha nikajiuliza juu ya nyumba bila Rayya mwezi wa saba, kitanda chake kimetandikwa na mlango umefungwa. Niliwaza yote mawili mpaka miguu ikafa ganzi, na sikupata hata moja ninaloweza kulibeba.

Baba Rayya amerudi kutoka msikitini, akauliza, "Mama Rayya, mtoto kapiga? Anakuja lini?" Nikamwambia bado hajajua. Akasema safari hii atamtafutia kamba wa baharini kutoka Ashkhara, kwa kuwa nyama hataki. Samaki na kamba pia hawali siku hizi. Sikumwambia.

Sijaamua. Naandika hivyo ili kesho nisijidanganye kwamba niliamua. Beberu nimemtenga na majike kwa sasa, na hilo ndilo tu nililoweza.

Lakini lipo moja ambalo sikuweza kulilalia. Nimerudi jukwaani. Maneno ya mzee wa Adam bado yapo juu, na watu wanazidi kumsifu. Hapa ndipo mahali pekee ninapoitwa ndugu na watu wanaonielewa, na nilijua nikiandika hakutakuwa tena na akhi. Nimeandika kwa Kiarabu, nikasoma, nikabonyeza kabla moyo haujageuka:

"Mikono hii ni yangu. Mimi ni mwanamke, mnisamehe kwa kuwaacha mniite akhi. Hina mnayoiona alinichora huyo aliyepiga picha. Mwambieni amekosea mkitaka, nami nitawasikiliza. Lakini msiseme hana mama."