Mama na Mtoto wa Kubadilishana

Jumamosi. Mvua imekatika tangu asubuhi, mji wetu wa Rumonge, kando ya ziwa huku Burundi, unanuka mawese na ndagala mbichi, dagaa wa kwetu, na leo najivuna waziwazi. Anayeona vibaya anisamehe. Barabara iliyofungwa kwa vita ikifunguliwa nitakwenda Bujumbura niyaweke haya kwenye blogu.

Mdogo wangu Zaituni anasoma Malaysia. Alipata bursi ya masomo vita vikiwa vimepamba moto, akaondoka na sanduku moja. Sasa chuo chake kimemchagua akasome muhula mmoja Indonesia, na mwanafunzi wa huko aje Malaysia mahali pake. Vyuo vya Asia vinabadilishana wanafunzi hivyo, na Zaituni wetu wamemwona anafaa. Lakini amekataa kuondoka bila radhi ya Mama, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujibu.

Mimi nilimweleza Mama kwamba wanabadilishana watoto. Mama akasikia alichosikia.

Kwetu jirani akikuletea sahani ya pilau, sahani hairudi tupu. Kwa hiyo Mama alielewa kwamba sisi tukitoa binti, Indonesia nayo italeta wake hapa Rumonge. Tangu juzi anasugua chumba cha Zaituni. Ametundika chandarua kipya, ameagiza mukeke mnono kwa wavuvi, na ananiuliza kila saa kama Waindonesia wanakula bugali.

"Hapa vita iko," aliniambia, "lakini chakula nayo iko."

Nani angekuwa na moyo wa kumwambia ukweli? Mimi sikuwa nao.

Zaituni alipopiga simu mchana, yeye ndiye aliyesema. Mgeni ameshafika, lakini amefika Malaysia, wako naye chumbani. Huku hatakuja. Mama aliutazama mlango wa chumba alichokisugua. Najua kilichomuuma. Siku hizi watu wanaondoka kwetu tu, hakuna anayekuja. Hata shangazi yetu wa Bujumbura ameacha kuja kwa kuogopa barabara.

"Kama hawaleti mutu, na wewe hauende," Mama akasema. "Hiyo ni kutoa, si kubadilishana."



Zaituni ni mjanja tangu utotoni, hakubishana. Alisema tu kwamba yule msichana ndiye atakayelala kwenye kitanda chake, kwamba ni Muislamu, na kwamba tangu afike analia kwa kumkumbuka mama yake. Kisha akampa simu.

Mama hajui Kiindonesia wala Kiingereza. Alisimama, akafunga mtandio wake vizuri kana kwamba anaonekana, akasema, "Asalaam aleikum, mwanangu."

Kasauti kadogo kakaitikia salamu yote, sawasawa kabisa, hadi rehema na baraka.

Mazungumzo yao yakaishia hapo. Mama alifuta macho, akaomba arudishiwe Zaituni.

"Enda, nimekupa radhi. Na ukimuona mama wa huyu, umuambie mutoto wake iko na mama huku."

Nimelia, nikacheka, nikalia tena. Mtoto wa Rumonge, katika vita hivi, anachaguliwa na watu wasioijua hata ramani yetu.

Jioni nilipita sokoni, na habari ilikuwa imenitangulia. Muuza ndagala mmoja akaniuliza kwa utani, sasa Mama ana watoto wangapi huko université za Asia.

Nikamjibu wawili. Na kesho nikiulizwa, jibu ni hilohilo.