Miche ya Misindano Imepona

Iringa, Jumanne jioni

Bado nacheka peke yangu. Asubuhi Bwana Misitu, mkubwa wetu kitaluni, aliagiza tung'oe miche yote ya misindano. Majani yake yanaota moja moja, na msindano wa aina hii huota matatu matatu, basi akasema mbegu ni mbovu. Miezi mitano ya kumwagilia!

Niliogopa kufukuzwa, lakini nikamletea mche wa mwaka jana. Chini ulikuwa na majani ya moja moja yaliyokauka, juu matatu matatu yamefungana pamoja.

"Bwana, hii yetu bado michanga tu."

Aliuangalia sana, akavua kofia. "Sedekia, nani alikufundisha?"

"Hakuna, Bwana. Mimi nashinda nayo."

Miche imebaki. Kesho tunamwagilia tena, na mgongo uniume tu.