Mzee Ausi Hakujizulia Mjukuu

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokulaza katika udongo wa Mkotokuyana, wewe Ausi bin Jumaa, ukiwa hujamaliza hata miezi sita ya kustaafu kwako. Tulitaka kukuandikia kwa upole, kama watu wanavyowaandikia wazee wao gazetini. Upole nimeutafuta, sikuupata wote. Utanisamehe.

Tunaikumbuka mikono yako. Kwanza mkonge wa Lindi, kisha tangu 1949 ukawa unakaza vyuma vya reli ya Nachingwea, hata nyumbani hukuweza kupita penye mlango uliolegea bila kuinama kuutazama. Hukuwa mtu wa makelele. Kipande cha mwisho cha muhogo ulimwachia Mama ukisingizia meno. Mara moja ulirudi nusu ya njia ya Kiegei, jua kali, kumwambia mtu kwamba umekosea, gulio ni Jumatano, si Jumanne.

Ulikuwa na neno lako: habari ya nyumbani ianze nyumbani. Mzazi asiisikie habari ya mwanawe kwa mpita njia. Ndiyo maana Dada Mwamina alipojifungua mara ya kwanza huko Narung'ombe, alimtuma mumewe aje kwa miguu akwambie wewe, kabla majirani hawajapiga vigelegele.

Ulipostaafu ulitaka jambo moja tu. Ulitaka watoto wako watatu waketi mkekani, kila mmoja aseme kwa kinywa chake amefika wapi. Kuku akachinjwa, dua ikasomwa. Dada Mwamina alikuja, mtoto mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Mimi nilikuwepo. Kaka yetu mkubwa Shaban, karani wa ghala Mtwara, alituma barua.

Niliisoma mimi, kwa kuwa wewe hukujua kusoma, nami nimefika darasa la nne. Ilisema amepandishwa cheo, nyumba yake ni ya bati, amenunua baiskeli mpya, na kazi ni nyingi hawezi kuja. Ulifurahi, Baba. Ulisema baiskeli si kitu kidogo.

Mwezi haukuisha. Ulikuwa penye kahawa, karibu na stesheni ya Nachingwea, ndipo Dominiko, mchochea moto wa gari moshi la Mtwara, akakupa mkono mbele za watu. Akakupongeza kwa mjukuu: kwa Shaban kumepatikana mtoto wa kiume, sasa ana miezi mitatu. Ukamjibu kwamba ahsante, habari tumeshaipata. Ukiacha yale meno, hilo ndilo neno pekee lisilo la kweli tunalolijua kutoka kinywani mwako, nalo ulilisema kumstiri mwanao. Ukaagiza kahawa kwa wote waliokuwepo.

Ulifika nyumbani alasiri, hata vumbi hukujipangusa. Ukaniita.

"Sikuzani, mwanangu, lete ile barua. Isome tena. Labda uliruka mstari."

Nikaisoma. Ulisikiliza umeinama, kama ulivyokuwa ukiisikiliza reli. Mstari haukuwepo. Ukaniambia nisome tena, polepole, hukasiriki. Nikasoma tena. Kisha nikakutazama uso wako, Baba, na mara ya tatu nikaongeza mstari. Nikasoma: mke wangu amejifungua salama mtoto wa kiume, nasi tumempa jina lako, Ausi.

"Nionyeshe ulipo," ukasema.

Nikaweka kidole. Nilikiweka kwenye mstari wa baiskeli.

Tangu siku hiyo, kila ukitoka kuswali alfajiri ulikuwa ukiifunua barua ile na kupitisha kidole gumba juu ya mstari wako. Hukumpa mtu aisome, ukisema karatasi itachakaa. Ninayo mimi sasa. Neno baiskeli limefutika. Ulitembea mpaka Ruangwa kuwaambia ndugu kwamba Ausi mdogo yuko Mtwara, na uliyemkuta njiani ukamwambia.

Kisha kifua kikakubana, siku nne tu. Shaban alifika kaburi limeshafukiwa.

Siku ya arobaini, wazee wakampongeza kwa Ausi mdogo. Akajibu mbele ya mkeka uliojaa:

"Mtoto wangu anaitwa Salimu, jina la babamkwe. Haya ya Ausi, Baba aliyatoa wapi?"

Mtani wetu Abdala wa Kiegei hakungoja. "Kumbe tumezika mzee aliyezaa mjukuu kwa mdomo."

Watu wakacheka. Utani wa msibani hauna kesi. Lakini utani ule haukubaki mkekani. Mwaka mzima, mtu akitia chumvi sokoni huambiwa, huyo ni mjukuu wa Mzee Ausi. Jina lako limekuwa jina la uongo, wewe uliyerudi nusu ya njia ya Kiegei kwa sababu ya Jumanne na Jumatano!

Nina hasira, Baba. Simkasirikii mtani, hiyo ndiyo kazi yake. Namkasirikia kaka yangu. Kumwita mtoto Salimu ni haki yake, na babamkwe ndiye aliyemtafutia kazi, sawa. Lakini aliona haya kutuandikia jina hilo, akaandika baiskeli, akamwacha mtoto. Na siku ile neno moja lingetosha kukustiri, kama wewe ulivyomstiri penye kahawa. Hakulisema. Aliinamisha kichwa akala wali.

Najikasirikia na mimi. Nilikuwa nimesimama pale na sinia mkononi, jibu ninalo, nikanyamaza kama mgeni. Nimenyamaza mwaka mzima.

Basi hili lisomwe pale pale penye kahawa, ajuaye kusoma awasomee wasiojua. Mzee Ausi hakujizulia mjukuu. Alisomewa. Aliyesoma kisichoandikwa ni mimi, binti yake. Mwenye utani wake aulete kwangu, Mkotokuyana, nyumba ya mbele ya kisima. Marehemu aachwe apumzike.

Habari za nyumbani nilizileta kaburini juzi, kabla ya kuzileta hapa. Mama hajambo, mikorosho imezaa vizuri. Mwanawetu, yule mkubwa wa Mwamina, ameanza darasa la kwanza na anaandika jina lake. Mimi nimeposwa, na kijana ni wa Ruangwa. Umesikia wewe kabla hata mjomba hajaambiwa.

Unakumbukwa na mkeo Biasha. Mdogo wako Mbaruku. Binti zako Mwamina na Sikuzani. Wajukuu zako Mwanawetu na Zaina, na Salimu wa Mtwara, ambaye hana kosa lolote. Na Shaban, mwanao wa kwanza.

Baba mdogo Mbaruku aliagiza Shaban atangulie, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nimemwandika mwisho. Kalamu ninayo mimi.

Hutatutoka moyoni, Baba, milele na milele.