Kuhusu Tangi la Juu ya Chumba cha Mbele

Nyumbani kwako, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi naitikia mapema tusipotezeane muda. Hujambo? Wifi hajambo? Na yule kitinda mimba, bado anakataa kuvaa viatu? Mimi ni mzima. Goti la kushoto hunisumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne tunakuwa tumeshazoeana.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Ulishasikia kwamba Jumanne tangi la maji lilipasuka, dari ya chumba cha mbele ikashuka, maji yote yakaishia kwenye meza ya mpangaji wako, yule fundi redio tunayemwita Bwana Mawimbi. Alikuwa ameenda kununua vipuri. Aliporudi akakuta televisheni kumi na moja za wateja zimelowa chapachapa. Hakupiga kelele. Aliketi kizingitini akaanza kuzifuta moja moja kwa fulana yake.

Alhamisi kampuni ya bima ilimtuma mkadiria hasara, binti mwembamba aliyepanda ngazi mwenyewe bila kushikiwa. Aliposhuka akasema, "Mama, bima aliyokata mwenye nyumba ni ya jengo. Paa, dari, kuta, milango. Vitu vya mpangaji vilitakiwa viwe na bima yake mwenyewe."

Bwana Mawimbi akasema, "Mimi nilijua nyumba ikiwa na bima, na mimi nimo humo humo."

Simlaumu. Siku niliyompa funguo nilimwonyesha swichi za taa na mahali pa kutupa takataka. Habari za bima sikumgusia.

Kisha yule binti akaniuliza kama kuna mtu aliwahi kutoa taarifa kwamba tangi ni bovu. Nikajitia hamnazo, nikasema nitatazama kwenye faili. Anataka jibu la maandishi kabla ya Jumatano, maana kama taarifa ilikuwepo, bima huenda isilipe hata dari.

Wewe jioni ile ya Jumanne, kwenye simu, uliniagiza nimwambie kila mtu abebe hasara yake, na asiporidhika ahame. Sijamwambia. Kwanza niliusoma mkataba, maana niliupiga chapa mwenyewe na nilikuwa nimeshausahau. Kifungu cha tano kiko upande wako: mali za mpangaji ni juu yake. Cha saba kinasema mwenye nyumba, au anayemwakilisha, akishapewa taarifa ya ubovu kwa maandishi na siku thelathini zikapita bila matengenezo, hasara yote itakayotokana na ubovu huo ni yake. Anayekuwakilisha ni mimi.

Sasa sikiliza. Tarehe 2 Aprili Bwana Mawimbi aliniletea barua kwamba tangi linavuja na miguu yake ya chuma imeliwa na kutu. Nilifanya nilivyofanya masjala miaka ishirini na sita: nikaandika "Imepokelewa", nikatia tarehe na sahihi, nikaitoboa matundu mawili, nikaifaili. Nikajiona nimemaliza kazi. Kule ofisini, baada ya hapo mkubwa alikuwa akija kulichukua faili. Hapa mkubwa ni wewe, uko mbali, na faili liko chini ya kitanda changu. Sikukwambia hata kwa ishara. Naona aibu, mdogo wangu, na roho inanisuta kila ninapopita mlangoni kwake.

Wateja wameanza kumjia, na wengine hawaji kwa salamu. Asipowafidia, hakuna atakayemletea hata tochi, na ndiyo kazi pekee anayoijua. Yeye hakubaki na nakala. Ijumaa aliniuliza kwa upole, "Mama Karani, ile barua yangu bado ipo?" Nikamjibu kwangu karatasi haipotei. Akashukuru, akarudi kwenye kufuta.

Najua ungeniambia niichane. Ndiyo maana nimekuandikia baada ya kwenda kwake, si kabla. Kazini sikuwahi kuchana karatasi ya mtu, hata ya mtu niliyemchukia, na sitaanza leo kwa kuwa tumetoka tumbo moja. Yule binti wa bima naye nitamwandikia ukweli huo huo. Gharama itakayokufika, kiinua mgongo changu kilichobaki kichukue. Kununa, nuna tu, ila usinune mwaka mzima.

Msalimie wifi, mwambie shuka zimefika na zinatosha kitandani. Watoto waambie shangazi yao anawaulizia. Mama mkubwa anakusalimu; majina yetu sote ameyasahau isipokuwa lako, na hilo linatukera. Mungu akutunze huko uliko, akupe na subira ukifika mwisho wa karatasi hii.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kifungu chochote,

Mama Karani

Kiambatisho: Nakala ya barua ya mpangaji ya tarehe 2 Aprili, yenye sahihi yangu.
Barua halisi: Amekabidhiwa Bwana Mawimbi leo asubuhi. Amesaini.