Rasimu za Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Mimi mzima. Miwani mipya nimepata, na paka wa jirani kazaa ndani ya kabati langu la vitabu; ndiyo maendeleo yetu.

Unauliza kwa nini binti yako ameacha masomo na hataki kusema. Sababu ni mimi. Barua ya kuomba kazi niliyowapa wanafunzi wangu waandike kama zoezi, yake ilinyooka mno, nikamwambia mbele ya darasa zima, "Hii umeandikiwa na akili mnemba."

Akasema, "Shangazi, geuza ukurasa."

Nikamfokea kwamba darasani mimi ni mwalimu, si shangazi.

Sheria ya kubana rasimu nyuma ya nakala safi niliiweka mwenyewe. Juzi, nikipanga mafaili, ndipo nilipogeuza. Zilikuwa tano, kwa mkono wake, kafuta na kuandika upya hadi karatasi imetoboka.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini nyuma ya barua hii nimebana rasimu zangu nne za kumwomba radhi. Usimsomee. Mpe tu, umwambie ageuze ukurasa.

Dada yako, na shangazi yake kama bado ananiita hivyo.