Saa ya Maua ya Maboga

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nakuuliza hali. Goti lako limetulia? Na mjukuu je, ameanza kutembea au bado anajiburuza kwa makalio? Mimi mwili ni mzima na cherehani ni nzima. Kinachouma ni moyo, na sababu utaijua ukisoma mpaka mwisho. Tafadhali usirukie chini kama ulivyozoea.

Unakumbuka nilivyoanza. Baada ya mama kutuachia nyumba, nilipanda maboga uwanja wa nyuma, mbegu nikapewa na jirani yetu fundi viatu. Vikatoka viboga vidogo kama kidole gumba, vikageuka njano, vikadondoka. Nikaulaumu udongo, nikamlaumu fundi viatu na mbegu zake. Bwana shamba alipopita alicheka, akasema udongo hauna kosa. Wadudu wa kutoa chavua kwenye ua dume na kuifikisha kwenye ua jike hawakuwepo, na wangekuja kufanya nini? Uwanja wangu, alisema, ulikuwa msafi kama wodi: hapana chakula, hapana maji, hapana pa kulala.

Nikaanza upya. Mrehani na giligilani niliviacha vichanue badala ya kuvikata. Alizeti nikazipanga kando ya ukuta. Nikaweka sahani ya maji yenye kokoto, ili nyuki wanywe bila kuzama. Pembe moja nikaacha kuifagia, na mama angekuwepo angenichapa. Seremala alinitobolea gogo matundu ishirini kwa ajili ya wale nyuki wadogo wasiokaa mzingani, ambao kila mmoja hutaga tunduni na kuziba mlango kwa udongo. Kisha nikawapitia majirani wote watatu, tukakubaliana kwamba anayetaka kupuliza dawa afunge kitambaa chekundu kwenye uzio tangu asubuhi, apulize jua likishazama, nami niwahi kufunika maua yangu kwa chandarua. Vitambaa nilivishona mwenyewe. Mwaka mzima hakuna aliyeuvunja mkataba huo, na maboga nikayagawa hadi watu wakaanza kunikwepa.

Haya yote nilikuandikia, nawe ukanijibu. Ulisema bustani imenirudishia uhai. Ukauliza nyuki wanakuja saa ngapi, wanakunywa wapi, wanalala wapi. Nilifurahi kama mtoto. Wewe, uliyeumwa na nyuki kwenye kope darasa la tatu ukawa unakimbia hata nzi, leo unauliza habari za nyuki! Nikakujibu kurasa tatu. Nilikueleza kwamba ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, kwa hiyo saa mbili asubuhi ndipo wanapojaa. Nikakuchorea na ramani, sahani hapa, gogo pale. Nikakuambia pia kwamba Alhamisi huwa siwaoni, maana huwa nimekwenda kupeleka sare shuleni.

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita nilirudi nikakuta harufu ya dawa imetanda hadi jikoni. Ndani ya kila ua la boga nyuki wamejikunja, wengine chali kando ya sahani, miguu bado ikitikisika. Kwenye uzio hapakuwa na kitambaa chochote. Nililia, Dada, nikaokota kwa kijiko hadi nikachoka. Kisha nikamwendea fundi viatu, kwa kuwa jirani mwenye bomba la kupulizia ni yeye peke yake, na mbele ya wateja wake nikamwita mnafiki na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Yeye aliendelea kupaka gundi kwenye soli. Siku tisa nilimpita bila salamu.

Siku ya kumi nilikuwa nakata kitambaa ukumbini alipobisha mtu mwenye bomba mgongoni. Kwa adabu kabisa aliniuliza kama mimi ndiye mpangaji. Akasema amekuja kupuliza mara ya pili, kwamba mwenye nyumba anahamia na mjukuu wake na hataki kuona nyuki hata mmoja. Nilimwambia amekosea nyumba. Ndipo alipochomoa karatasi mfukoni anithibitishie.

Ilikuwa barua yangu. Sahani yangu, gogo langu, saa mbili asubuhi, Alhamisi, vyote kwa mwandiko wangu. Na kwenye mchoro wa gogo palikuwa na mshale, na kwa mwandiko wako umeandika: anzia hapa.

Nilikwenda kumwomba radhi fundi viatu. Kumbe alimwona mtu yule siku ile, akamuuliza, akaambiwa aliyemtuma. Aliniambia aliona afadhali atukanwe yeye kuliko mimi nijue. Nilishindwa kumtazama usoni.

Dada, hofu yako naijua tangu utotoni. Ungeniandikia mstari mmoja tu kwamba unakuja na unaogopa, ningelihamisha gogo siku hiyohiyo. Badala yake ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukaniuliza kwa upole mahali wanapolala, nami nikakuonyesha. Nyuki wangu niliwauza mimi kwa kalamu yangu mwenyewe, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Chumba chako nimekifagia, na kitanda nimekigeuza kitazame dirisha. Njoo, nyumba ni yetu sote. Gogo nimelitazama kwa makini: matundu saba bado yamezibwa kwa udongo, na bwana shamba anasema huenda waliomo wamesalimika. Nimelihamisha. Lilipo sitakuandikia.

Msalimie shemeji, umbusu mjukuu kwa niaba yangu, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
mpangaji wa nyumba ya mama.